Mlango 9100: printa inapokaribisha wageni bila hodi

Printa iliyounganishwa na mtandao wa ofisi ni kompyuta kamili. Ina anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), ina kumbukumbu, na ina ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwenye kivinjari. Hupokea kazi kupitia milango yenye namba, yaani njia za kimtandao za kuingizia data, na mlango uliozoeleka zaidi kwa printa ni 9100.

Sheria ya mlango huu ni fupi: kinachoingia kinachapwa. Mhasibu akituma ankara, printa inaitoa; haiulizi jina wala nenosiri. Ndani ya ofisi hilo linarahisisha kazi. Balaa huanza pale ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, inapowekwa vibaya na mlango ule ukawa wazi kwa intaneti nzima. Hapo mtu aliye bara jingine anatuma mstari mmoja wa maandishi, na karatasi inatoka mbele ya karani wako.

Novemba 2018 mdukuzi aliyejiita TheHackerGiraffe alifanya hivyo hasa. Alisema amezifikia printa 50,000, zote zikitoa karatasi ya kuhimiza watu wajiunge na chaneli ya mtengeneza video PewDiePie huko YouTube. Hakuhitaji kuvunja nenosiri lolote. Alitafuta tu milango iliyoachwa wazi.

Karatasi za bure ni hasara ndogo. Mimi naogopa zaidi siri ambazo printa imetunza. Mashine inayoskani na kutuma kwa barua pepe mara nyingi huwa imehifadhi nenosiri la akaunti inayotumia. Kwenye ukurasa wa mipangilio utaliona limefichwa kwa vidoti, ukadhani liko salama. Lakini kama nenosiri la msimamizi wa printa bado ni la kiwandani, mvamizi aliyeufikia ukurasa huo haoni haja ya kufunua vidoti. Anafuta anwani ya seva ambako printa hutuma barua pepe, anaweka ya kompyuta yake, anabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho. Printa nyingi hapo humpelekea nenosiri zenyewe, na kama akaunti ile ina mamlaka makubwa, ofisi nzima imo hatarini.

Usitegemee pia kwamba nenosiri la kiwandani lililo tofauti kwa kila mashine ni siri. Juni 2025 watafiti wa Rapid7, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kuwa kwa mamia ya modeli za printa za Brother, nenosiri hilo hukokotolewa kutoka namba ya siriali.

Kwa hiyo chukua anwani ya IP ya printa yenu, iandike kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka na kukuruhusu kubadili mipangilio bila kukuuliza chochote, weka nenosiri leo hii. Kisha mwambie fundi wa mtandao ahakikishe ruta haipitishi 9100 kutoka nje, asasishe programu ya ndani ya printa, na akaunti ya kuskani iwe ya kazi hiyo pekee. Na mashine ya kukodi isitoke mlangoni kabla diski yake haijafutwa. Nyingi za zile kubwa huhifadhi humo nyaraka zilizopitia.