Je, wajua kwa nini kumwambia mtoto mdogo "si kweli" hakumwondolei hofu ya gemu ya kutisha?

Mtoto wa miaka mitano anakataa kwenda chooni usiku peke yake, kwa kuwa jioni alimwona kaka yake akicheza gemu yenye mdoli wa bluu wenye mikono mirefu na meno makali. Mzazi anamweleza kwa upole kwamba mdoli ule si wa kweli, naye anaitikia vizuri, lakini usiku unaofuata anakataa tena. Huo si ukaidi.

Katika miaka ya 1980, mtafiti wa Marekani Joanne Cantor na wenzake waliwaonyesha watoto wa rika mbalimbali vipande vya kutisha vya filamu. Wale wa miaka tisa hadi kumi na moja walipokumbushwa kwamba wanayoyaona si ya kweli, hofu yao ilipungua. Wale ambao hawajaanza shule hawakusaidiwa na maneno hayohayo. Cantor aligundua pia kwamba mtoto mdogo huogopa sura: umbo likiwa baya linamtisha hata kama mwenye umbo hilo ni mwema, ilhali mkubwa huogopa jambo linaloweza kutokea. Hofu huamka upesi katika sehemu za ndani za ubongo, na sehemu ya mbele inayoituliza kwa hoja huendelea kukomaa hadi mtu afikishe miaka ishirini na kitu.

Gemu za kutisha za kunusurika, yaani zile ambazo mchezaji hupambana ili abaki hai, huongeza uzito wa jambo hili. Katika Resident Evil, iliyotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996 na kulipatia jina kundi hili zima, mchezaji hupewa risasi chache kwa makusudi ili kila mlango uwe wa kuhofiwa. Katika Five Nights at Freddy's ya mwaka 2014, yeye ni mlinzi wa usiku anayechungulia kamera hadi saa kumi na mbili asubuhi, huku umeme ukimwishia. Filamu huendelea hata mtazamaji akifumba macho. Kwenye gemu, mchezaji asipobonyeza mwenyewe, mlango haufunguki. Kwa kijana wa miaka kumi na sita hapo ndipo penye utamu, maana hofu ameishika mkononi na anaweza kuizima atakapo, kwa hiyo siwezi kusema gemu hizi ni sumu kwa kila mtu. Mtoto mdogo hana uwezo huo. Hata bibi aliyetusimulia habari za zimwi aliishusha sauti kila alipoona macho yametutoka, na gemu haimtazami mtoto usoni.

Kinachonisumbua zaidi ni sura za wahusika. Gemu kama Poppy Playtime, iliyotoka mwaka 2021, imejaa wanasesere, kiasi kwamba mzazi akitupa jicho mara moja atadhani ni ya watoto wadogo. Alama za umri za Ulaya ziitwazo PEGI, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, husaidia sana (Resident Evil 2 ya mwaka 2019 ilipewa 18), lakini kwenye kibanda cha pleisteshoni cha kulipia kwa saa, au kwenye video za simu, mtoto haoni kasha lenye alama hiyo. Keti naye dakika kumi, utazame mwenyewe.

Akishaogopa, aliye chini ya miaka saba hivi mpakate kwanza, zima kioo, washa taa, mpe maji, kisha mwende pamoja hadi chooni. Maelezo ya jinsi mdoli ulivyochorwa kwa kompyuta na jinsi kelele zilivyorekodiwa studioni yatamfaa dada yake wa miaka kumi. Ndoto mbaya zikiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto akianza kukataa kulala kabisa, mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto, umweleze bila kuficha aliona nini na lini.