Roboti za zimamoto: tunavyodhani na ilivyo kweli

"Inaamua yenyewe." Hii ndo naisikia kila siku, sinema zimetuharibu. Colossus, ile roboti iliyoingia kanisa la Notre-Dame pale Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, iliendeshwa na mtu aliyeshika rimoti. Ina kilo kama 500, inatembea kwa minyororo kama katapila, na iliingizwa wakubwa walipoona jengo linaweza kuwaangukia vijana wao wakawatoa ndani. Kazi yake ilikuwa kukaa pale ambapo hutaki kumpeleka mtoto wa mtu, imwage maji, basi.

"Wazimamoto watakosa kazi." Wapi! Usiku ule walikuwepo kama 400.

"Ina tenki lake, haihitaji mpira." Hapa ndo wengi tunapigwa chenga. Thermite RS3, roboti nyingine ambayo zimamoto wa Los Angeles walianza kuitumia Oktoba 2020, inarusha mpaka lita 9,500 hivi kwa dakika. Yaani simtanki lako la lita 1,000 pale nyumbani linakauka kwa sekunde 6, sasa tenki gani hilo itabeba mgongoni? Kwa hiyo inaburuta mpira kama kawaida, na mpira ukishajaa maji sio mchezo, ule wa milimita 65 kwa mita 30 tu una kilo kama 100 za maji peke yake, ukikata kona unabana kwenye ukuta au chini ya tairi la gari na lazima mtu aende akaunasue kwa mkono. Na kama mtaani hakuna maji, roboti nayo itasimama inaangalia moto kama sisi wengine.

"Ni chuma, haiungui." Chuma sawa, ila kuna waya, kamera na vioo, halafu zege nene na vyuma vya jengo vinakata mawasiliano ya rimoti.

"Itapanda ghorofani imtoe bibi." Ile ya Los Angeles ina tani 1.5 na ushee, mlango wa chumba haupiti. Yake ni magodauni na majengo makubwa ya biashara. Mi naona raha yake ipo kwenye kazi ambazo hakuna anayezipigia picha: mbele ina bapa kama la greda, inasukuma vifusi na mabati yaliyoanguka ili watu wapate njia ya kupita.