Usiigize kaseti

Kikundi kimoja cha maigizo cha Jinja, Uganda, kinatayarisha mchezo wa muziki wa kumuenzi mwimbaji wa mji wao, mama aliyeimba kwenye bendi za huko miaka ya 1970. Waliniita niwapangie muziki, maana ndiyo kazi inayonilisha. Familia imeomba jina lake lisitajwe hadi siku ya onyesho, basi hapa nitamwita Mama.

Nianze na hilo neno jazi, kwa sababu limetuchanganya tangu siku ya kwanza. Afrika Mashariki tumelibandika kwenye bendi za dansi miaka nenda rudi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na kule Kongo TPOK Jazz ya Franco. Sehemu kubwa ya muziki wao ilikuwa rumba na jamaa zake. Mama aliimba yote mawili, rumba na jazi yenyewe ya Kimarekani. Watu wakiwa bado wanakula, aliwaimbia za Kimarekani. Sahani zikishaondolewa, rumba mpaka usiku wa manane.

Kwa mpangaji wa muziki, hizo ni kazi mbili tofauti. Rumba ina maneno yake ya polepole, halafu linaingia sebene, magitaa yanashika usukani na mwimbaji anabaki kuchangamsha. Wimbo wa jazi wa Kimarekani mara nyingi una baa 32, yaani vipande vifupi vya kuhesabia muziki, kila baa mapigo manne. Zigawe mafungu manne ya baa nane: la kwanza, la pili na la nne yana sauti ile ile, la tatu linageuka. Bendi ikifika mwisho inarudi mwanzo, na kila mzunguko mwimbaji ana ruhusa ya kuvuta neno, kulichelewesha, au kuliacha kabisa aimbe sauti tupu. Asichoruhusiwa ni kupotea ndani ya zile 32.

Binti anayemwigiza Mama ana sauti safi mno. Alipewa kaseti ya zamani ya Mama akiimba, akaikariri mwezi mzima. Aliikariri kupita kiasi. Kwenye fungu la tatu Mama anacheka kidogo, nadhani kuna mtu ukumbini aliangusha glasi, maana mlio unasikika. Binti naye anacheka pale pale, kila siku, na glasi haipo. Mzee wa saksafoni, aliyewahi kupiga na Mama mwenyewe, alivumilia mara tatu, kisha akashusha ala yake. "Binti yangu," akamwambia, "huyo unayemwiga hakuwahi kuimba hivyo mara mbili."

Nikawasimulia habari ya Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Mwaka 1960, jukwaani Berlin, alisahau maneno ya "Mack the Knife" katikati ya wimbo. Hakusimama. Alitunga mengine papo hapo, akaimba kwamba ameuharibu wimbo, akaiga sauti nzito ya mwanajazi mwenzake Louis Armstrong, na bendi ikaenda naye. Rekodi ya usiku ule ikampatia tuzo za Grammy. Sasa wewe mwandishi wa mchezo utaandikaje kosa kama lile? Ukimpa mwigizaji maneno ya kusahau, hajasahau kitu.

Tulichofanya ni hiki. Mzunguko wa kwanza umeandikwa wote, neno kwa neno. Wa pili nimeuacha mtupu kwenye karatasi, una namba za baa tu. Wa tatu unaanza pale mzee atakapopiga kipande kifupi tulichokubaliana, noti tano zinazopanda, na hiyo ndiyo ishara ya binti kurudi nyumbani. Mtu wa taa alilalamika kwamba hajui abadilishe taa lini. Naye nimemwambia asikilize zile noti tano.

Shida kubwa kuliko hiyo ni hadithi. Uganda mchezo wa muziki si mgeni. Mwandishi wa michezo Byron Kawadwa alikuwa na mchezo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, muziki ukiwa wa Wassanyi Serukenya, ukapelekwa kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi kule Lagos, mwaka 1977. Mwaka huo huo Kawadwa akauawa na utawala wa Rais Idi Amin. Nyimbo za mchezo wa namna hiyo hutungwa ili zisukume kisa. Za Mama zilitungwa watu wacheze. Mwandishi wetu alikuwa amepachika kila wimbo mahali maneno yanapofanana na tukio: mume anaondoka, wimbo wa kuachwa. Nimeupinga mpango huo kwa nguvu zote. Siku mume alipoondoka, kwa mujibu wa dada yake, Mama alikwenda kazini akaimba za furaha tupu kwa sababu kulikuwa na harusi. Onyesho ni hilo, wala halihitaji wimbo wa machozi.

Kuna na suala la lugha. Mama aliimba Kiswahili kwa sababu Jinja ilikuwa mji wa viwanda, na wafanyakazi waliotoka kila upande walielewana kwa hicho. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wengi walikisikia zaidi kutoka kwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani. Hadi leo mwigizaji akifungua mdomo kwa Kiswahili jukwaani Kampala, kuna watazamaji wanaongoja bunduki itokee. Ndiyo maana nimeomba Kiswahili cha kwanza kisikike jikoni, Mama akimgombeza mtoto aliyeunguza maharage.

Kibali cha nyimbo bado tunakitafuta. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inamlinda mtunzi hadi miaka 50 baada ya kifo chake, na mtunzi wa nyimbo mbili kati ya hizi alikuwa mpiga gitaa, siyo Mama.

Ijumaa tulijaribu ule mzunguko mtupu. Binti alianza vizuri, akapotea kwenye fungu la tatu, akanitazama mimi. Nikatazama sakafu. Mzee akapiga zile noti tano, binti akazikosa. Akazipiga tena, taratibu zaidi, na safari hii binti akacheka, akaingia baa mbili nyuma, wakamaliza pamoja.