Maombi hayagombani na vidonge vya TB

Kila inapokaribia tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, swali lile lile hurudi kwenye mikutano ya uhamasishaji: dini inatusaidia au inatuharibia watu? Mtumishi wa afya aliyechoka kutafuta wagonjwa waliokatiza dawa husema inaharibu. Kiongozi wa dini humtajia hospitali zilizojengwa na makanisa: Bugando, KCMC, Haydom, Peramiho, Ndanda. Kila mmoja ana lake la kweli, ila swali likiachwa pana hivyo haliponyi mtu. Kliniki ya TB inaijua sentensi inayoleta madhara, na inaijua hata wiki inayotamkwa. Sentensi ni "umeshapona, achana na dawa". Wiki ni kati ya ya 3 na ya 8.

Wiki hizo hazikujichagua. Mgonjwa wa TB ya kawaida huanza na dawa nne ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Idadi ya vidonge hutokana na uzito. Wa kilo 50 humeza 3 kwa mkupuo, wa kilo 60 humeza 4. Dawa hizo huua haraka vimelea vinavyozaana, na hao ndio wanaoleta homa, jasho la usiku na kikohozi. Baada ya wiki chache mtu analala usingizi, anakula, shati linaanza kumjaa. Kama katikati ya wiki hizo aliombewa, kwake na kwa jirani zake hesabu inakuwa nyepesi: kaombewa, kapona.

Lakini kimelea cha TB ni kizembe. Huchukua karibu saa 20 kujigawa mara moja, wakati bakteria wengi wa kuhara hujigawa ndani ya dakika 20 hivi wakipata mazingira mazuri. Baadhi yake hulala kabisa ndani ya mapafu, na kilicholala dawa hukigusa kwa shida. Ndiyo sababu matibabu ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Kwa hesabu ya kliniki ni vipindi 6 vya siku 28, dozi 168. Aliyeacha wiki ya 6 amemeza dozi 42, robo tu ya safari.

Hapa kuna karatasi inayotuletea taabu kuliko mahubiri yenyewe. Mwisho wa mwezi wa 2 makohozi hupimwa tena kwa hadubini, na kwa wengi jibu huwa hasi. Karatasi hiyo hupelekwa madhabahuni na kusomwa kama cheti cha uponyaji. Tuelewane: hadubini huhitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo mtaalamu avione. Hasi ya mwezi wa 2 maana yake dawa inafanya kazi na mgonjwa aingie awamu ya pili. Hairuhusu kusimamisha dawa. Makohozi yatapimwa tena mwezi wa 5 na mwisho wa matibabu. Wapo pia wanaokwenda maabara ya kulipia katikati ya dozi na kudai kipimo cha GeneXpert ili "wahakikishe". Mashine ile husoma vinasaba, hata vya kimelea kilichokufa, hivyo inaweza kutoa chanya kwa mtu anayeendelea vizuri. Fedha imepotea, na mtu anaondoka akiamini amerogwa upya. Kipimo cha katikati ya matibabu huagizwa na kituo chako, basi.

Tunaotoa elimu hii hatujasahau mwaka 2011, watu walipopanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu aliyesema ameoteshwa dawa ya magonjwa sugu, Ukimwi ukiwamo. Viongozi wakubwa nao walikunywa. Kikombe chenyewe tukiweke pembeni, maana aliyekinywa huku akiendelea na dawa zake alirudi nyumbani na uchovu wa njia tu. Aliyeumia ni aliyetupa dawa kabla ya kupanda gari. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka ishike kichwani.

Madhara ya kukatiza hayaishii kwa mwenye mapafu. Dawa zikisimama nusu njia kisha zikaanza tena kwa kubahatisha, vimelea vilivyozoea rifampisini hubaki na kuzaana, na hiyo ndiyo TB sugu. Atakayeambukizwa na mtu huyo ataanza moja kwa moja na ugonjwa sugu, hata kama yeye hajawahi kukosa dozi maishani. Zamani matibabu yake yalifika miezi 20, yakiwa na sindano zilizoweza kuua masikio. Siku hizi wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge kwa miezi 6, lakini ni dawa kali zaidi, zenye vipimo vya moyo na damu mara kwa mara. Anayeona mambo yamerahisishwa akasome madhara yake kwanza.

Sasa mfungo, ambao huulizwa kila mwaka na kujibiwa ovyo mitaani. Rifampisini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Kwa Muislamu anayeruhusiwa na daktari kufunga, wakati mwepesi ni kuamka mapema, kumeza vidonge vyote kwa maji, kusubiri, kisha kula daku. Vidonge visigawanywe, vingine daku vingine futari. Vyote humezwa mara moja. Aliyepungua sana uzito, mwenye kisukari, mjamzito au aliye katika miezi 2 ya mwanzo tunamshauri asifunge, na Qur'ani yenyewe, sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa nafasi ya kulipa siku nyingine. Kwa Mkristo tatizo ni mfungo kavu wa siku 3, bila chakula wala maji, ambao vidonge huachwa pamoja na ugali. Mungu hajavunjiwa ahadi kwa funda la maji na vidonge vitatu.

Ukimeza rifampisini, mkojo, jasho na machozi hugeuka rangi ya machungwa. Si damu, si mapepo yanayotoka, wala si ushahidi wa sumu. Lakini macho yakiwa ya njano, ukitapika mfululizo au ukianza kuona ukungu, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Miguu ikiwaka moto kama pilipili ni isoniazidi. Utapewa vitamini B6. Dalili hizi zisipelekwe kwanza kwenye maombezi, kwa sababu ini halisubiri ibada ya Jumapili.

Anayekwenda kambi ya maombi, hija au msiba wa mbali hana haja ya kutoroka. Afike kliniki kabla ya safari na kadi yake ya matibabu, aseme anakwenda wapi na kwa siku ngapi. Safari fupi atapewa vidonge vya siku zote pamoja na vya akiba. Safari ndefu ataandikiwa fomu ya uhamisho yenye namba yake ya usajili, tarehe aliyoanza, uzito na majibu ya makohozi, aikabidhi kituo kilicho karibu na anakokwenda. Dawa ni bure huku na huko. Akipotea bila taarifa, kituo hupiga simu kwake, kisha kwa msimamizi wake wa matibabu, kisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufika nyumbani. Siku chache alizokosa zitaongezwa mwishoni. Akikaa miezi 2 mfululizo bila dawa husajiliwa kama aliyepotea, na akirudi anapimwa upya pamoja na usugu.

Wengi huogopa kurudi wakidhani watapelekwa polisi. Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2010 nchini Kenya, wagonjwa wawili wa Kapsabet waliokatiza dawa waliamriwa kukaa gerezani miezi 8. Tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumfunga mgonjwa wa TB gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha Katiba. Tunataka mgonjwa arudi, tukimtisha, hatarudi.

Nguvu ya imani tunaitumia kila siku, ingawa takwimu zetu haziitaji kwa jina. Msimamizi wa matibabu mara nyingi ni mwana jumuiya ndogo ndogo, mwanakwaya au ustadhi wa madrasa anayepita kila asubuhi kuona kidonge kikimezwa. Hiyo ni siku 168, bila posho ya maana. Hakuna wizara inayoweza kumwajiri mtu wa namna hiyo kwa kila mgonjwa.

Tunaomba pia madirisha yafunguliwe. Waumini hukwepa kikombe cha ushirika na kupeana mikono wakiogopa TB, ambayo haienei kwa njia hizo, halafu wanakesha watu 200 kwenye ukumbi uliozibwa kwa magodoro ili sauti isitoke. TB huenea kwa hewa. Mwenye kikohozi cha wiki 2 apimwe kwanza, mkesha atakuja mwingine.

Na muumini akipanda kutoa ushuhuda kuwa amepona TB, kiongozi amwombe kadi ya matibabu kabla ya kumpa kipaza sauti. Ukurasa wa matokeo una nafasi ya neno "amepona" au "amemaliza matibabu", tarehe, na saini ya kituo. Nafasi hiyo ikiwa bado tupu, amwulize vidonge vya leo amemeza saa ngapi.