Sura na Jina: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu ya kwanza, tena inayoumiza wengi, ni kwamba anayesahau jina la mtu amemdharau. Ukweli ni kwamba sura na jina havitunzwi mahali pamoja. Sura hutambuliwa hasa na eneo lililo chini ya ubongo kuelekea kisogoni, ambalo mtafiti wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake walilieleza mwaka 1997, ilhali jina huhitaji kuunganishwa na sura hiyo, na jina lenyewe halina maana ya kushikilia. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu sura ngeni zikiambatana na majina na kazi, wakakuta kwamba neno la Kiingereza Baker lilikumbukwa kwa urahisi zaidi lilipotajwa kuwa kazi ya mwokaji mikate kuliko lilipotajwa kuwa jina la ukoo. Kazi huja na tanuri, unga na alfajiri ya mapema. Jina huja peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kukumbuka kazi yako, kijiji chako na hata mlichozungumza, jina likamponyoka, na heshima yake kwako ikabaki palepale.

Wengine huamini kwamba ubongo hauwezi kuunganisha vitu viwili ila baada ya marudio mengi. Sivyo. Kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi (nyaya nyembamba za kupima umeme wa ubongo) kichwani kwa ajili ya matibabu, mtafiti Rodrigo Quian Quiroga na wenzake waliripoti mwaka 2005 seli ya ubongo iliyosisimka kwa picha za mwigizaji wa Marekani Halle Berry na vilevile kwa jina lake lililoandikwa. Mwaka 2015 kundi hilo lilionyesha jambo ambalo naliona la ajabu zaidi: seli iliyokuwa ikisisimkia mtu fulani ilianza kusisimkia pia jengo fulani, hata baada ya mtu na jengo hilo kuonyeshwa pamoja katika picha mara moja tu.

Kuunganisha haraka, hata hivyo, si kudumisha. Kulirudia jina mdomoni papo hapo husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kujitahidi kulikumbuka bila kuambiwa, kwanza baada ya muda mfupi, kisha kwa vipindi vinavyozidi kurefuka.

Kuhusu uzee, majina ya watu huwa miongoni mwa maneno ya mwanzo kuchelewa kuja, na peke yake hiyo si dalili ya ugonjwa. Mzee anaposhindwa kuwatambua watoto wake mwenyewe, hilo ni jambo jingine, naye apelekwe kwa daktari.