Je, wajua kwa nini nchi zilianza kuacha kunyonga wahalifu?

Jioni moja mbele ya Ngome ya Lamu, kijana mmoja aliuliza barazani: "Aliyeua si auawe tu, yaishe?" Mzee aliyekuwa karibu yake aliweka chini kikombe cha kahawa, akaonyesha ukuta wa ngome. "Humu mulikuwa jela mpaka 1984. Una hakika gani kila aliyefungwa humu alikuwa na kosa?"

Swali hilo la mzee ndilo lililovunja vitanzi vingi duniani, ingawa halikuwa la kwanza. Mwaka 1764 Cesare Beccaria, kijana wa Milano, aliandika kwamba mhalifu haogopeshwi na ukali wa adhabu bali na uhakika wa kuadhibiwa. Tena, sheria inayokataza kuua inawezaje yenyewe kuua? Mambo ya Uingereza ya zama hizo yalionyesha kwamba alisema kweli: mpaka 1808 mchomoa mifuko aliweza kunyongwa, na bado wachomoaji walijaa katikati ya umati uliokuja kutazama watu wakinyongwa. Mwaka 1786 Toscana, huko Italia, ikafuta adhabu ya kifo.

Lakini kinachonikaa moyoni ni kisa cha Timothy Evans. Mkewe na mtoto wao mchanga waliuawa nyumbani kwao London. Evans akashtakiwa kwa kifo cha mtoto, na shahidi mkubwa dhidi yake akawa jirani wa chini, John Christie. Evans akalia kwamba Christie ndiye muuaji. Hakusikilizwa, akanyongwa Machi 1950, ana miaka 25. Miaka 3 baadaye maiti za wanawake zikafukuliwa nyumbani kwa Christie. Evans alipewa msamaha 1966, akiwa kaburini. Bunge la Uingereza lilikuwa limeshasimamisha kunyonga wauaji mwaka mmoja kabla.

Pale barazani mtu akakumbusha kwamba hata sharia ya Kiislamu, inayokubali kisasi, imewaachia warithi wa marehemu mlango wa kusamehe au kupokea diya, yaani fidia ya damu. Ni kweli, na mlango huo hauna maana tena aliyehukumiwa akishazikwa.

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Kitanzi chenyewe, hata hivyo, bado kimo katika sheria zetu, na mimi natamani kitolewe.