Kipimo cha Damu na Swali la Sayansi

Wiki hii, katika kliniki yangu ya magonjwa ya akili hapa Nairobi, kaka wa mgonjwa aliniuliza swali nililolisikia tangu nilipohitimu: "Daktari, mbona hakuna mashine ya kuuonyesha ugonjwa huu? Si mnakisia tu?" Nilimjibu kwa pupa, na jibu hilo halikumtosha.

Damu tunapima. Kaswende, virusi vya Ukimwi, malaria na hitilafu za tezi ya shingo zote zinaweza kuvuruga akili, na ni lazima tuhakikishe kwanza kwamba chanzo si hizo.

Kinachonikera ni imani kwamba sayansi hukaa ndani ya kifaa. Dai huwa la kisayansi linapowekwa mahali linapoweza kushindwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika papa hapa Nairobi: wanawake 421 wenye dhiki ya akili, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waligawanywa kwa kura, baadhi wakapewa vikao vitano na wahudumu wa afya ya jamii, na wengine wakapata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Waliopewa vikao walipata nafuu zaidi. Hapakuwa na mashine yoyote, lakini vikao hivyo vingeweza kabisa kuonekana havina faida, nasi tungelazimika kukubali.

Hata hivyo, sitaficha udhaifu wetu. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili ulipojaribiwa kabla ya toleo la 2013, madaktari wawili waliomhoji mgonjwa mmoja kila mmoja kwa wakati wake walikubaliana vizuri kuhusu ugonjwa wa kiwewe, kwa kappa ya 0.67 (kipimo cha makubaliano ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu na 0 ni kubahatisha tu), lakini kuhusu sonona kappa ilikuwa 0.28 tu. Sonona ndiyo ninayoiandika kwenye faili karibu kila siku! Naamini jina hilo limebeba hali kadhaa zilizofungwa pamoja, na sijui ni ngapi. Tena kwa miaka mingi niliwaambia wagonjwa wa sonona kwamba wamepungukiwa na serotonini, kemikali ya ubongo. Maelezo hayo yalikuwa mepesi kuliko ushahidi wake, nami nimeacha kuyatumia, ingawa dawa zenyewe bado naziandika kwa sababu katika majaribio zilizidi vidonge bandia visivyo na dawa ndani, japo si kwa kiasi kikubwa.

Kujua kwamba dawa inafanya kazi na kujua inavyofanya kazi ni mambo mawili, na hapo ndipo wengi huchanganya. Dada wa yule kaka aliyeniuliza swali anatumia lithiamu, dawa ambayo daktari wa akili John Cade aliripoti manufaa yake nchini Australia mwaka 1949. Inasaidia kuzuia ugonjwa wa baipola, ambao hupandisha na kushusha hisia kupita kiasi, usirudi, ilhali namna inavyoutuliza ubongo bado inabishaniwa. Kiwango chake tunakipima kwenye damu kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Atakaporudi na dada yake kuchukua majibu ya maabara, nitaketi naye na kumweleza yote mawili.